Tisa Kwenye Kila Anwani

Kwenye basi la kwenda kituo kikuu cha Majestic, mama muuza achari alimlalamikia kijana wa kompyuta aliyeketi naye. "Mnajimu aliniambia niongeze tisa, namba yangu ya bahati, kwenye anwani ya kila ukurasa wa duka langu la mtandaoni. Sasa mtu akitafuta achari ya embe, mimi sionekani, na sikukuu ya Ugadi, mwaka wetu mpya, ndiyo hii!"

"Umehama bila kuaga, mama. Kila anwani ya zamani iwapeleke watu kwenye mpya."

"Anwani niliyoifuta iwaelekeze watu?"

"Hata milioni kwa siku."

Kwenye kiti cha nyuma yao, nilishika mdomo nisicheke. Mtaani kwetu hata tarishi hupotea.

"Na nitaonekana kabla ya sikukuu?"

"Labda wiki, labda miezi. Mashine ya kutafuta haiharakishwi."

Basi likasimama Majestic. Mama hakuinuka. Aliishika simu kwa mikono miwili, kama anayebeba mtoto mchanga.