Bwana Nimekusamehe Anakabidhi Funguo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu ya misheni, msimamizi wa stoo na chumba cha kufulia anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza kwa kupokea mizigo langoni, akapanda hadi akashika funguo zote, pamoja na jukumu ambalo hakupewa na mtu: kuwasamehe wafanyakazi wenzake.

Kila Jumatatu, kwenye sala ya asubuhi, alisimama, akafumba macho, akamsamehe mtu. Kwa sauti. Alitaja idara na kosa. Mpishi alisamehewa uji wenye mabonge. Dereva alisamehewa ulevi, kumbe alikuwa amepaka spiriti kwenye kidonda. Ukishasamehewa hivyo, hata wagonjwa walikutazama kwa jicho la pembeni. Tukambandika jina la Bwana Nimekusamehe, naye akadhani ni sifa.

Haki yake tumpe. Mwaka mashine za kufulia zilipogoma, alikunja suruali akafua shuka za wodi ya wazazi kwa mikono, bega kwa bega na akina mama wa kufua, akiimba kwa sauti mbovu kuliko zote.

Aliyesamehewa kuliko sisi sote ni mpiga pasi wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Siku moja kabla ya Pasaka, alipokuwa amekwenda kula, kanzu nyeupe ya kasisi iliungua mgongoni, alama ya pasi nyeusi kama mkaa. Mzee hakuuliza mara mbili. Alimwondoa mama mezani, akampeleka kwenye makarai ya shuka za damu. Kisha akamsamehe. Na wiki ambazo hakuna aliyekosa, alimsamehe tena yeye, kama akiba.

Miaka ikapita. Mwaka jana mke wa mzee, shemeji yetu mcheshi, alipita chumba cha kufulia kutusalimu. Habari ya kanzu ikaingia kwenye mazungumzo.

"Ile ya Pasaka?" akacheka. "Siku ile mume wangu alirudi suruali imenyooka kama wembe! Namuuliza nani kakupigia pasi, ananiambia kajipigia mwenyewe, wenzake walipokwenda kula."

Hakuna aliyecheka naye. Sote tukageukia makarai, alikokuwa mama.

Jumatatu iliyofuata ukumbi ulifurika. Hata watu wa maabara, ambao sala huwaona Krismasi tu, waliwahi viti vya mbele. Wakristo safi sisi, tumekuja kuona mtu akivuliwa nguo. Mzee aliingia ameloa jasho, maana mkewe alishamweleza alichoropoka. Mama akasimama. Tukavuta shingo. Akamwombea mzee magoti yake yapone, akaketi. Tuliudhika sana.

Mlangoni mama akamsogelea mzee. Nilikuwa karibu, nilihakikisha niko karibu.

"Mzee, ile kanzu najua ni wewe. Nimeshaachilia. Ila Jumatatu usinitaje tena."

"Mama, sijui hata niseme nini."

"Utajua," akasema, akarudi kwenye makarai yake.

Ilimchukua wiki nzima kujua. Jumatatu nyingine alisimama, safari hii macho wazi. "Kanzu niliiunguza mimi. Nikamwacha mama wa watu aubebe mzigo wangu. Nisamehe, mama." Hajawahi kusali kwa ufupi hivyo. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa amemrudishia mama meza yake ya pasi, na kuisukuma alisukuma mwenyewe.

Tangu hapo hajamsamehe mtu hadharani. Sala zinaisha mapema, nasi tunabaki tukitazamana, hatujui tumseme nani.

Mzee, ahsante kwa shuka safi, na kwa Jumatatu ile moja. Nenda kwa amani, upumzike. Huko mtaani majirani watakukosea, ndiyo kazi ya majirani. Wasamehe kimyakimya, wasijue hata kama walikosa.