Lorraine Haugen na Kanuni ya Saba

Marehemu Lorraine Ardis Haugen alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya Bemidji, Minnesota, mtoto wa kwanza wa Mzee Palmer Sletten na Bibi Inga. Mdogo wake, Marlys, ndiye anayesoma maneno haya, na anaomba radhi mapema kwa sauti yake. Wiki hii imemchosha.

Alisoma hapo hapo Bemidji, kisha akasomea ukutubi mjini St. Paul, akahitimu mwaka 1977. Mwaka uliofuata aliajiriwa na maktaba ya umma ya Bellwood Falls, na hakuhama tena. Tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa na Duane Haugen, dereva wa gari la kusukuma theluji. Walijaliwa binti mmoja, Kirsten. Duane alitangulia mwaka 2015.

Mwaka 1996, Lorraine akiwa mkuu wa maktaba, wazazi walimjia juu kwa sababu ya watu wasio na makazi waliokuwa wakikoroma karibu na vitabu vya watoto. Akaketi akaandika kanuni ya saba: hairuhusiwi kulala ndani ya jengo, na anayeamshwa mara tatu atoke. Baraza la mji likaipitisha. Alijiona ametenda haki.

Tarehe 14 Januari 2009, Leland Pruitt, fundi wa kuezeka aliyeharibika mgongo, aliamshwa mara tatu, akatolewa saa nane mchana. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Kesho yake alikutwa amekufa kwenye kituo cha basi, hatua mia mbili kutoka mlangoni. Lorraine aliibandua kanuni ukutani kwa mikono yake. Baraza likairudisha, likamwandikia barua kumkumbusha kuwa kanuni si mali yake.

Tangu hapo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kitoroli cha vitabu. Gurudumu lake moja lilipiga kelele mno, naye alikisukuma ukumbini dakika moja kabla ya mlinzi kupita, watu wakafumbua macho na kufunua vitabu. Mlinzi, Verlyn Stohl, hakuwa mjinga.

"Bi Haugen, nikuletee mafuta ya hilo gurudumu?"

"Liguse uone."

"Mimi sijasema kitu. Ila leo umechelewa, yule wa pembeni bado anakoroma."

"Basi na wewe tembea polepole, baba. Unakimbilia wapi?"

Alipostaafu mwaka 2019, kitoroli alimwachia Verlyn.

Kazi ya pili ilikuwa baraza. Kila mwezi alisimama kwa zile dakika tatu anazopewa mwananchi kusema kikaoni, akaomba kanuni ifutwe, ukumbi wa chini ufunguliwe siku za baridi, na aajiriwe mtu wa ustawi wa jamii. Miaka kumi na tano. Walimshukuru, wakaendelea na habari za maegesho. Marlys hakwenda hata mara moja.

"Nimechoka na maktaba yako," alimwambia.

"Hata mimi," Lorraine akajibu, akavaa koti, akaenda.

Septemba iliyopita aligundulika na saratani ya kongosho. Siku mbili kabla ya mwisho, yeye na Marlys walizungumza tena.

"Waliopitisha ni baraza, dada. Umehangaika vya kutosha."

"Mwandiko ni wangu. Kwani yule bwana amefufuka?"

Alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi. Atazikwa Mei, ardhi iliyoganda kwa baridi ikilegea.

Ameacha binti yake Kirsten, wajukuu wawili, mdogo wake Marlys, Verlyn aliyeomba atajwe, na hao wa maktabani walioketi viti vya nyuma, ambao wengi wetu hatukuwasalimia tulipoingia.

Familia haipokei maua. Jumanne hii, saa moja jioni, baraza linapigia kura kufutwa kwa kanuni ya saba kwa mara ya kwanza. Lorraine alikuwa wa nne kwenye orodha ya wasemaji. Karani alipiga simu kuuliza kama alifute jina. Marlys alimwambia aandike lake. Hajui atasema nini, na anaogopa. Nafasi kumi na moja za wasemaji ziko wazi.

Mungu ampumzishe Lorraine, alichoka. Sisi tukutane Jumanne.