Msalaba Wenye Gurudumu

Ijumaa Kuu, ndani ya basi la Detroit, Vernon alikalia kiti kimoja na msalaba wake wa mbao ukakalia cha pili. Bi Odessa, mjane mwenye goti bovu, alisimama mbele yao.

"Kumfuata Yesu ni kujitoa, mama," alisema Vernon. "Leo naubeba mtaa kwa mtaa."

"Na hilo gurudumu chini yake?"

"Bega linaniuma."

"Pole, mwanangu. Basi anza kujitoa kwa kunipisha hapo."

"Ningekupisha, mama, ila nikisimama saa hizi nitachoka kabla ya mateso."

Abiria wakaangua kicheko. Basi likasimama. Vernon akainuka na msalaba wake, akazitazama ngazi za kushukia. "Mama, hebu nishikie huku nyuma."

Bi Odessa akavitazama viti viwili vilivyobaki wazi, akashusha pumzi, akaushika. Vernon alitangulia akiimba, na goti la Bi Odessa likaitikia kila ngazi.