Mapendekezo Yetu kwa Mwalimu Mkuu

Kijiwe chetu kipo mbele ya karakana ya Geti, fundi wa kuchomelea, na ubishi hapo hauhitaji kiberiti. Juzi wanafunzi walipigana kwenye foleni ya bomba pale shuleni, mmoja akang'olewa jino. Kesho mwalimu mkuu anakutana na wazazi kupanga usalama. Geti, mwenye binti darasa la sita, tangu juzi hana raha, basi tukaagiza kahawa, tukachukua karatasi tumsaidie kuandika mapendekezo. Msaada wenyewe ndio huu.

GETI: Andika. Ukuta mita nne, juu vyuma vyenye ncha.

FILIMBI (mlinzi mstaafu): Wanaopigana wamo ndani, wewe! Unawafungia pamoja? Andika mbwa wawili.

PROFESA (kinyozi): Mbwa atajuaje nani kaanza? Kila mtoto avae kengele mkononi. Akinyanyua ngumi, inalia.

FILIMBI: Watoto mia nane! Na anayenyoosha mkono ajibu swali?

PROFESA: Basi wanyolewe vipara wote. Pasiwe na pa kushika.

GETI: Na mnyoaji ni nani?

PROFESA: Mimi nimependekeza tu.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama mmoja, fundi cherehani wa chumba cha jirani, alikuwa amekuja kuomba makaa ya pasi. Yeye hakucheka.

— Fundi mwenzangu, samahani. Binti yako akionewa, anamwambia nani?

Geti akamtazama Filimbi, mwenye wajukuu wawili shule hiyohiyo. Filimbi akatazama kikombe.

— Kola yake ya shule imechanwa, nimeishona mara tatu mwezi huu, mama akasema. Huileta mwenyewe. Leo ndiyo kakubali nikwambie.

— Kwa nini asiniambie mimi?

— Anaogopa utaenda kuvunja mtu.

Niliona aibu kwa ajili ya Geti, na kwa ajili yangu pia, maana kalamu nilikuwa nayo mimi.

— Yuko wapi?

— Kwangu, anashona vifungo.

Geti akavua glavu. Alipofika mlangoni kwa jirani akageuka.

— Niingie nikisema nini?

Geti akaingia hivyohivyo.

Huko ndani sauti ya binti ikaanza, taratibu, ikaendelea, ikaendelea. Ya Geti hatukuisikia kabisa.