Mishumaa ya Kutazamwa Tu

Jioni ya Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya kuwasha mishumaa, kwenye basi la Yerusalemu, mbele yangu alikaa Tirza, binti wa jirani yangu Menashe, Myahudi fundi viatu, amepakata maandazi ya jamu ya sikukuu hiyo. Msalaba shingoni mwake ulitosha kumchokoza mzee mmoja mwenye kofia ndogo ya Kiyahudi.

"Na wewe sikukuu yetu unaitakia nini, binti?"

"Ni yangu pia, mzee wangu. Yesu mwenyewe alikuwa hekaluni sikukuu hii. Ule mshumaa unaoitwa mtumishi, unaowasha wenzake, kwetu ndiye yeye, aliyetuletea nuru."

"Nuru!" Mzee akacheka bila furaha. "Babu yangu aliiona nuru yenu. Walitoka kanisani na mienge, wakamchomea nyumba."

Mimi nikajifanya natafuta miwani, nayo iko puani.

"Haya, taa gani hairuhusiwi hata kukutafutia sindano iliyoanguka?" mzee akauliza. Mimi mpenda vitendawili nilijua jibu, lakini mzee alijijibu: "Ndiyo hii ya Hanuka. Ni ya kutazamwa tu, haitumiwi kwa lolote. Nyinyi mnaitumia kumnadia Yesu wenu!"

"Baba naye alisema hivyo hivyo, akanifungia mlango. Leo nakwenda kubisha tena." Akainuka na maandazi yake. "Ungekuwa yeye, ungenifungulia?"

Basi lilikuwa limeshasimama. Mzee aliyatazama yale maandazi.

"Ningekufungulia," akasema. "Mishumaa ikishazimika, usije ukaitumia."

Tirza akashuka bila kuaga.