Glasi Iliyofunikwa ya Malachy Tansey

Jumatatu, tarehe 29 Machi 2004, kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Siku hiyo sheria ya kukataza sigara ndani ya baa ilianza kutumika Ayalandi nzima. Malachy Tansey, mjomba wetu tunayemzika leo, alifunika glasi yake ya bia kwa kikadibodi, ishara kwamba mwenyewe anarudi na isiondolewe, akaenda kuvuta sigara nyuma ya baa ya Dympna Hanley.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1944 hapa Kilcorran, Kaunti ya Roscommon. Alisoma shule ya parokia hadi alipofika miaka kumi na minne, kisha akaajiriwa na reli. Kwa miaka thelathini na minane alifunga na kufungua lango pale barabara inapokata reli. Sigara alianzia huko. Alisema moja ilitosha kungojea treni moja.

Mwaka 1973 alimwoa Attracta. Hawakujaliwa watoto. Attracta alifariki mwaka 2001, na tangu hapo marehemu alizungumza na watu mahali pamoja tu, kwa Dympna.

Kwenye ukuta wa nyuma ya baa wavutaji walikuwa sita, yeye akiwemo, na kicheko chao kilisikika hadi kanisani. Kisha bei zikapanda, pakiti zikabandikwa picha za mapafu yaliyooza, muuguzi akagawa plasta za kusaidia kuacha sigara. Mmoja alihamia sigara ya umeme, wengine wakaacha kabisa. Wa mwisho kumwacha peke yake ukutani alikuwa rafiki yake, Ultan Feeney.

"Huko nje unamngoja nani, Malachy?" Ultan alimwuliza kupitia dirisha la baa.

"Wewe, msaliti."

"Mimi nipo hapa ndani, kando ya moto, mzee. Njoo wewe."

Daktari alipomwambia kwamba mapafu yamechakaa, marehemu aliacha Jumatano ya Majivu, tarehe 2 Machi 2022. Alisema majivu aliyobaki nayo ni ya kwenye paji la uso tu. Kwaresima ikaisha, hakurudia. Lakini kila jioni aliendelea kufunika glasi na kwenda kusimama ukutani, mikono mitupu. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba amesahau namna ya kuongea akiwa ameketi.

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Januari 2025, alfajiri, kwa ugonjwa wa mapafu. Ameacha dada yake Concepta, wapwa watatu, na Ultan, ambaye ameomba aandikwe hapa. Mungu amlaze penye joto, karibu na Attracta.

Jioni yake ya mwisho kwa Dympna ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Desemba 2024. Alifunika glasi, akatoka, pumzi zikamkatika, akajikokota nyumbani bila kumuaga mtu. Asubuhi iliyofuata alirudi kuomba radhi, akakuta mezani glasi mbili zimefunikwa. Ya pili ilikuwa ya Ultan. Dympna alimweleza kwamba Ultan alitoka kumtafuta ukutani, akamngoja huko peke yake, kisha akaenda nyumbani bila kurudi ndani. Marehemu alikiondoa kikadibodi chake. Cha Ultan hakukigusa. Akavuta kiti, akaketi ndani kumngoja.