Ukurasa wa Sita

Sogezeni viti, wanangu, na wewe kitinda mimba weka simu chini, maana sauti hii haina akiba. Nyumba ni yenu nyote watatu, asiuze mtu chumba bila wenzake kujua. Sanduku la vifaa achukue kaka yenu mchomeleaji, ambaye tangu utotoni huniibia koleo akidhani sioni. Mepesi yamekwisha. Lililobaki limenikaa kifuani miaka kumi na tisa, na ni lako wewe, binti yangu mhandisi, kwa kuwa leo umekalia kiti changu kiwandani na wanafunzi wa chuo kikuu wanaletwa kwako.

Mnamkumbuka Maswali? Jina hilo nilimbandika mimi. Chuo kilipatana na kiwanda chetu cha rangi kwamba wanafunzi wa uhandisi waje wiki kumi, kila wiki somo lake, kila somo ukurasa wake kwenye daftari, na msimamizi atie sahihi baada ya kumwona mwanafunzi akifanya kwa mikono yake. Yule binti alinifuata kila kona, daftari kwapani, "Mzee, na hii je? Mzee, kwa nini hivi?" mpaka mafundi wakasema nimepata hakimu wangu. Nilimpenda, sifichi.

Ukurasa wa sita ulikuwa wa kufuli. Ukitaka kuingia ndani ya pipa la kuchanganyia rangi, unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako mwenyewe na ufunguo unautia mfukoni, ili asiwepo wa kuwasha ukiwa ndani. Ni somo la saa moja, ila lazima mashine isimame, nasi wiki ile tulikuwa tumechelewa na oda. Nikamwambia utajifunza ukiajiriwa. Mhadhiri alipokuja Ijumaa alihesabu sahihi bila kumuuliza mwanafunzi hata neno, na mimi nilikuwa nimeshasaini zote kumi nikinywa chai.

Akahitimu, tukamwajiri kwa sababu ya daftari lile lile. Mwezi wa pili kazini akazima swichi, akaingia pipani kukagua mapanga ya kukorogea rangi, bila kufuli. Nikapita mimi, nikaona swichi haina kufuli, nikajua hakuna mtu ndani. Nikawasha. Mkono ni huu mnaoushika.

Wachunguzi walipouliza kama alifundishwa, nilitoa daftari. Wakaandika kwamba marehemu alifundishwa akapuuza. Mama yake akasomewa maneno hayo kwenye benchi la ofisi, akainama, akaniomba radhi kwa usumbufu. Aliniomba radhi mimi! Tangu siku hiyo mwanawe ninaishi naye. Husimama penye kabati pale, mchana kweupe, rangi ya bluu kwenye nywele, "Mzee, ukurasa wa sita lini?" Mama yenu alidhani naongea na redio.

Sasa sikiliza, binti yangu. Daftari nilirudishiwa, liko chini ya mto huu. Kata sahihi yangu, uandike: hakufundishwa, aliyewasha ni mimi. Nitatia dole gumba, kalamu siiwezi tena. Kisha mpelekee mama yake, bado yu hai, umsomee kwa sauti mbele ya ndugu zako. Najua kiwanda kitakununia, na huenda chuo kikavunja mkataba. Usilie. Juzi uliniambia una madaftari kumi na mawili ya kusaini mezani na mhadhiri anakuja Ijumaa, nami nikageukia ukutani. Nakujibu leo: simamisha mashine. Kufuli langu jekundu lichukue wewe.

Niinueni kidogo. Hapo. Shika kidole... bonyeza, usiogope, hakiumi.

Mungu awape kazi, wanangu, na kila jioni mikono yenu irudi nyumbani mizima. Msigombane... Maji, tone tu.

Yuko pale penye kabati. Leo hajauliza kitu. Mpeni kiti... binti yangu, kabla ya mama yake... msomee yeye.